Kasha dogo la kompyuta kwa Garsen: usianze na udogo

Leo naweka kando habari za programu. Nataka tuzungumze kuhusu bati. Namaanisha lile kasha ambalo ndani yake hukaa kompyuta, ambalo huku kwetu watu wengi huliita sipiyu. "Nishikie hiyo sipiyu nichomeke waya." Sipiyu yenyewe, kama mnavyojua, ni kipande kinachoenea kiganjani, na hukioni mpaka ufungue bati, utoe feni na ufute ile dawa nyeupe iliyopakwa juu yake. Lakini lugha ni ya wasemaji, na mimi si askari wa lugha. Hapa nitaliita kasha ili tuelewane.

Maoni yangu nayatoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Kwa mtu anayeunda kompyuta ndogo ya mezani ya kufanyia kazi Garsen, au popote pale Tana River, kasha dogo kuliko yote ndilo baya kuliko yote. Achukue kasha linalokubali pawasaplai ya kawaida ya ATX, lenye vichujio vya vumbi vinavyotoka bila bisibisi, hata kama litafika lita ishirini. Na kama hana sababu ya kuunda mwenyewe, asiunde. Anunue ile mashine ya lita moja iliyotumika Ulaya. Katikati ya hizo mbili ndiko yaliko makasha yote yanayopendeza kwenye picha, na ndiko pesa za watu zinakozama.

Kilichonifanya niandike ni ujumbe wa binamu yangu. Anafungua saiba Garsen, kwa mkopo wa chama. Akaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeona kasha dogo kama mkate wa boflo, lina kioo ubavuni. Nalitaka kwa ile mashine kubwa. Waonaje?" Mashine kubwa ni ile itakayoungwa na printa na skana, ya kukata picha za pasipoti, kuhariri video za harusi, na kushughulikia watu wa eCitizen na KRA. Mnajua tarehe 30 Juni ilivyo Kenya. Watu wanasahau ritani mwaka mzima, halafu siku mbili za mwisho foleni inafika barabarani. Mashine hiyo ikizima siku hiyo, wateja wanahamia mlango wa pili, na mkopo wa chama hauna habari kwamba pawasaplai imeungua. Kwa hiyo swali lake si la urembo. Nilimjibu, "Mdogo wangu, subiri kwanza," na jibu lenyewe limekuwa refu kiasi hiki.

Kwa wale wasioijua Garsen: iko kando ya mto Tana, sehemu za chini, kabla mto haujafika baharini kule Kipini. Hapo ndipo njia ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja kwenda Lamu na nyingine kupanda Hola hadi Garissa. Kutoka Mombasa ni zaidi ya kilomita 200, na duka lenye vipuri vya kompyuta vya maana liko Malindi, na kama si Malindi basi Mombasa. Joto la mchana hupita nyuzi 30 bila taabu, na chini ya paa la mabati lisilo na dari ni zaidi. Kiangazi ni vumbi jembamba kama unga. Mvua zikizidi huko juu, ni maji. Novemba 2023 mafuriko yaliifunika barabara ya kwenda Lamu pale Gamba, na magari yakakwama. Umeme upo, tena laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Rabai kwenda Lamu inapita hapo hapo Garsen, lakini umeme kuwepo na umeme kutulia ni mambo mawili. (Mto huu huu, kabla haujafika Garsen, umeshazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Wenye mto wanajua wanachonuna nacho.)

Sasa weka kompyuta katika picha hiyo.

Jambo la kwanza ni joto, na hapa hesabu ni rahisi. Kasha haliwezi kufanya prosesa iwe baridi kuliko hewa ya chumbani. Linaweza tu kuamua itazidi hewa hiyo kwa nyuzi ngapi. Tuseme prosesa yako ikifanya kazi nzito inazidi hewa inayoifikia kwa nyuzi 40. Katika chumba cha nyuzi 21, kama vile vyumba ambamo Wazungu hupimia makasha kwenye video zao, itafika 61, na mpimaji atasifu kasha. Katika chumba cha nyuzi 35 itafika 75. Bado ni sawa. Lakini katika kasha lililobanana, hewa iliyoko ndani nayo imeshapashwa moto na pawasaplai na kila kitu kingine, tuseme nyuzi 10 juu ya chumba. Tumefika 85. Miezi mitatu ya vumbi kwenye mapezi ya hitisinki, ongeza nyuzi nyingine kumi. Sasa ni 95, na hapo ndipo prosesa kama Ryzen 5 5600G inapofikia kikomo chake na kuanza kupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mteja amekaa, video ya harusi inasuasua, na wewe unalaumu Windows.

Kwa hiyo ukitazama grafu yoyote ya joto kwenye mapitio ya kasha, tafuta wameandika joto la chumba kuwa ngapi, halafu ongeza tofauti kati ya chumba chao na chako. Kama wao ni 21 na wewe ni 35, ongeza 14 kwenye kila namba. Makasha mengi yanayosifiwa hubaki na aibu baada ya hesabu hiyo. Kama hawakuandika joto la chumba, mapitio hayo ni hadithi tu.

Na joto halisumbui prosesa peke yake. Prosesa hujilinda. Kinachokufa kimya kimya ni zile kapasita ndani ya pawasaplai, vile vigudulia vyenye majimaji. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita za aina hiyo hupungua kwa nusu hivi. Pawasaplai iliyokaa nyuzi 20 juu ya ile ya Limuru ina robo ya maisha yake. Ndiyo maana kifaa kinachokufa mara nyingi huku pwani ni hicho, na ndiyo maana nitakirudia hapa chini mpaka mchoke.

Jambo la pili ni vumbi, na hili lina namba inayonishangaza kila nikiikumbuka. Mashine inayokula wati 100, ukitaka hewa inayotoka isizidi inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 10, inahitaji lita nane na kidogo za hewa kila sekunde. Katika siku ya kazi ya saa nane, hizo ni takriban mita za ujazo 240. Chumba cha saiba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha mita tatu, kina mita za ujazo 48. Maana yake kila siku hewa yote ya chumba inapita ndani ya kasha lako mara tano, pamoja na kila kilichopeperushwa na kila pikipiki iliyopita mlangoni. Feni ya kompyuta ni mashine ya kukusanya vumbi ambayo kwa bahati nzuri hupooza prosesa.

Kichujio basi si pambo. Lakini kichujio kinachohitaji kufungua skrubu nne ili kukiosha hakitaoshwa kamwe, nawajua watu, najijua na mimi. Kinatakiwa kichomoke kwa vidole, kioshwe kwa maji, kikauke juani dakika kumi, kirudi. Na feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, ili kasha lijae hewa kidogo na hewa itoke nje kupitia nyufa badala ya kuingia kupitia hizo nyufa. Ukifanya kinyume, kichujio chako kizuri cha mbele kinakuwa kama mlango wa chuma kwenye nyumba ya makuti: vumbi linapita kwingine. Kasha lisilo na kichujio si mwisho wa dunia. Kipande cha stokingi kilichovutwa vizuri mbele ya feni hufanya kazi. Chandarua hapana, matundu yake huzuia mdudu tu.

Hapo ndipo ukubwa wa feni unapoingia. Feni ya milimita 120 ina uso mara tisa ya ile ya milimita 40, kwa hiyo inasogeza hewa ile ile ikizunguka polepole, bila kelele, na bila kufa mapema. Makasha madogo sana hayana nafasi ya feni kubwa. Yana vifeni vinavyolia kama mbu.

Tuseme kidogo juu ya huo udogo wenyewe, maana neno hili kila duka linalitumia litakavyo. Madabodi ya ATX, kipimo kilicholetwa na Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. MicroATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX, iliyoletwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ni sentimita 17 kwa 17. Wakati ule bodi hizo za VIA zilikuwa na prosesa dhaifu zinazokula umeme kidogo sana, na watu walizifungia ndani ya madoli, redio kuukuu na mikebe ya biskuti. Hiyo ndiyo asili ya mapenzi haya ya makasha madogo, na ilikuwa na mantiki, kwa sababu ndani hamkuwa na moto. Leo watu wanachukua bodi ya kipimo kile kile, wanaweka prosesa ya wati 65 au zaidi na kadi ya grafiki juu yake, kisha wanashangaa. Kasha kuwa dogo hakupunguzi wati hata moja. Wati hutoka kwenye vifaa ulivyochagua.

Ukubwa wa kasha pimeni kwa lita: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Debe la maji ni lita 20, jeri-keni ndogo ni tano. Ukiwa na picha hiyo kichwani, huwezi kudanganywa na neno "kompakt".

Sasa tufike kwenye pawasaplai, ambayo kwangu ndiyo inayoamua kila kitu. Pawasaplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na kina chake huanzia 140. Hiyo ndiyo iliyo kwenye rafu ya kila duka la kompyuta kuanzia Moi Avenue ya Nairobi hadi Malindi, mpya na iliyotumika, nzuri na takataka. Ile ndogo inayoitwa SFX ni 125 kwa 63.5 kwa 100. Ni kifaa kizuri, sikatai, lakini nenda Malindi Jumamosi mchana ukaiulizie uone utakavyotazamwa. Kuna nyingine nyembamba zaidi, Flex-ATX, na kuna zile ambazo mwenye kasha amezitengeneza yeye mwenyewe kwa ajili ya kasha lake peke yake. Zikiungua, unarudi kwa aliyelitengeneza au unatupa kasha.

Watu wa Ulaya hawalioni tatizo hili, kwa sababu kwao SFX inafika mlangoni kesho yake. Garsen, kesho yake ni basi, na ikiwa ni mwezi wa mafuriko, si hata basi. Kasha linalokufungia kwenye pawasaplai adimu limekuchukulia uhuru wako wa kutengeneza mashine yako, na limefanya hivyo ili liwe dogo kwa sentimita chache ambazo meza yako wala haikuzihitaji.

Haya, tutaje majina. Lile la binamu yangu la kioo sitalitaja, ni la kampuni isiyojulikana. Lakini chukua In Win Chopin, maarufu sana: lita 3.3, limekuja na pawasaplai yake ya wati 150 ndani. Ni zuri kweli kweli. Kwa ofisi yenye kiyoyozi ningelichukua. Kwa Garsen hapana, kwa sababu ya hiyo hiyo pawasaplai, na kwa sababu hakuna pa kuweka feni ya maana. DAN A4-SFX la Mjerumani mmoja, ambalo watu walilichangia pesa mtandaoni mwaka 2016 kabla halijatoka kiwandani, lina lita 7.2 na ni kazi ya mikono ya mtu mwenye subira. Jina lenyewe limesema: SFX. Cooler Master NR200 ya mwaka 2020 inapumua vizuri, wavu mwingi, ina lita 18 na robo. Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu pamoja na lita zote hizo nayo inataka SFX.

Linganisha na Fractal Design Node 304, la mwaka 2012. Lina lita 19 na nusu hivi, tofauti ndogo tu na NR200. Linachukua pawasaplai ya ATX, ili mradi kina chake kisizidi milimita 160. Lina feni mbili za milimita 92 mbele na moja ya 140 nyuma, na vichujio vinavyotoka. Ni la zamani, sura yake ni kama friji ya dawa, halina taa hata moja. Ndilo ninalolipendelea. Thermaltake Core V1 nalo lina umbo la mchemraba, lita 22 na ushei, wavu mbele na feni moja kubwa ya milimita 200 nyuma ya wavu huo, na ATX inaingia. Makasha haya mawili huonekana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika, mara nyingi kwa bei nzuri kwa sababu vijana hawayataki tena.

Kuna na njia nyingine isiyo ya kifahari. Ukikubali kasha la lita thelathini na kidogo, kama Cooler Master Q300L lenye vichujio vya sumaku, unaingiza madabodi ya microATX, ambazo madukani kwetu ni nyingi na rahisi kuliko Mini-ITX, na nyingi zina matundu manne ya RAM badala ya mawili. Mtu akiniambia "lakini hilo si dogo", namwuliza: dogo kwa ajili ya nini? Kwa Garsen naona sababu tatu tu za kweli za udogo. Kulipakata kwenye basi bila kulilipia kama abiria. Kulibeba usiku kwenda nalo nyumbani au kulifungia kabatini. Na kulinyanyua haraka maji yakija. Kasha la lita ishirini, kilo saba au nane na vitu vyake, linatimiza yote matatu. La lita tatu halitimizi zaidi ya hapo.

Mtakumbuka nilisema asiyelazimika asiunde. Nilimaanisha zile mashine za lita moja: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Zinakuja Mombasa kwa makontena, zimetumika kwenye ofisi za Ulaya, zinauzwa kama Ex-UK. Utasema najipinga, si nimelaani makasha madogo? Hapana. Hizi zimetengenezwa na watu waliojua tangu mwanzo kwamba ndani kutakaa prosesa ya wati 35, na nyingi zina prosesa za namna hiyo. Pawasaplai yake iko nje, ni chaja ya laptopu, na chaja ya laptopu inapatikana hata kwa muuza simu. Angalizo moja tu: Dell huitambua chaja yake kupitia kipini cha katikati. Ukiweka chaja ya kuigiza isiyotambulika, mashine huwaka lakini hupunguza kasi ya prosesa, na watu huishi mwaka mzima wakidhani kompyuta yao imezeeka. Nunua chaja mbili za asili siku unayonunua mashine.

Kwa mashine za wateja za saiba, zile nne za ukutani, nilimwambia binamu yangu achukue hizo bila kufikiri mara mbili. Na hapa ndipo hesabu ya sola inapofanya kazi. Mashine ya namna hii ikiwa na matumizi ya kawaida hula kama wati 25, weka skrini ya wati 20, jumla 45. Kwa saa nane ni wati-saa 360. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na kwa kuwa betri za asidi hazipendi kushushwa chini ya nusu, una 600 za kutumia, toa na kinacholiwa na inveta. Mashine moja inapita siku nzima bila umeme wa laini. Kompyuta ya zamani ya mnara, yenye kula wati 90 kabla ya skrini, haifiki jioni.

Kuna aliyenishauri kwamba yote haya ni maneno mengi, nunua laptopu uishie hapo. Laptopu ina betri yake, nakubali, na kwa mwanafunzi ndiyo jibu. Lakini kwenye saiba laptopu huondoka na mteja, kibodi humwagiwa chai, na bawaba huvunjika mwezi wa pili. Tena feni yake ni nyembamba na hakuna kichujio kabisa. Kwa mtu anayewasha saa kumi na mbili kwa siku katika vumbi, ni kumtesa.

Na kioo? Kioo ubavuni hakina dhambi chenyewe. Ubaya wake ni kwamba mwenye kasha hukiweka mahali ambapo pangekuwa na matundu. Katika kasha kubwa unaweza kusamehe. Katika kasha dogo, ubavu ndio mlango wa hewa, na kuuziba kwa kioo ili tuone taa ni jambo ambalo sitalielewa hata nikieleweshwa. Halafu kioo na barabara zetu, ndani ya buti la matatu, hebu fikirieni.

Mkishachagua, kuna vipimo viwili ambavyo hamna budi kwenda navyo dukani, pamoja na futi ya fundi cherehani kama hamna nyingine. Cha kwanza ni kimo cha hitisinki pamoja na feni yake. Ile inayokuja bure na Ryzen 5 5600G ina milimita 54 hivi. Makasha membamba hayaikubali, na ndipo unapolazimika kununua kitu kama Noctua NH-L9a chenye milimita 37, kizuri lakini kinachokula bajeti ya RAM. Cha pili ni kina cha pawasaplai pamoja na nyaya zake. Milimita 140 kwenye karatasi ni milimita 140 za bati. Nyaya zinapopinda kutoka nyuma zinataka kama sentimita tatu zaidi, na hakuna anayeziandika.

Mwisho, sisimizi na mijusi. Msicheke. Joto la pawasaplai usiku ni kitanda kizuri, na mjusi kafiri akikatiza kwenye volti 240 anaondoka na fyuzi, mara nyingine na kila kitu. Wanaingia kwa nyuma, kupitia zile nafasi za kadi ambazo kifuniko chake kilipotea zamani. Makasha yaliyotumika karibu yote yamepoteza kimoja au viwili. Kabla hujalipa, geuza kasha, hesabu vifuniko vya nyuma, na kama vimepungua mwambie muuzaji avitoe kwenye kasha lingine bovu lililo chini ya meza yake. Analo. Akisema hana, kipande cha wavu wa alumini wa dirishani kilichokatwa kwa mkasi na kubanwa kwa skrubu ile ile kinatosha, nao wavu huo unauzwa hata Garsen.